Sadaka hutangulia, njaa hufuata na kusi

Kwa Mhariri,

Ramadhani ikikaribia, vikundi vya hisani vya mitaa ya Mombasa hupokea vitu vingi kuliko mikono ya kuvigawa. Stoo hujaa marobota ya unga, misikiti hupika futari, na nyumba moja huweza kugongewa mlango na makundi matatu jioni moja. Desemba mambo huwa hivyohivyo upande wa makanisa. Kisha hufika Mei. Stoo imebaki na chumvi na majani ya chai, na wanaokuja kuomba ni wengi kuliko mwezi mwingine wowote. Sisi tunaogawa chakula na kusaidia kodi na dawa katika mitaa ya Kisauni tunawaandikia wasomaji wako wanaotoa, wakubwa kwa wadogo, kuwaomba waangalie upya tarehe ya kutoa, na baada ya tarehe, namna ya kutoa.

Njaa ya mji huu ina msimu wake. Kusi huanza kuvuma Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, na vyombo vidogo, ngalawa na mitumbwi, haviwezi kuvuka mwamba. Mvuvi hubaki akivua ndani, akarudi na kitoweo cha watoto wake tu, kama amekipata. Masika humwagika miezi hiyohiyo na mijengo husimama. Anayebeba kokoto na saruji hulipwa kwa siku, na siku ya mvua haina malipo. Baada ya Pasaka watalii hupungua, hoteli za ufuo zikawarudisha nyumbani wafanyakazi wa mkataba. Muhula wa pili wa shule nao hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mama anayeuza viazi karai mlango wa gereji, ambaye hayumo katika hata kundi moja kati ya hayo, huathirika na yote, kwa sababu wateja wake ni haohao.

Miaka michache iliyopita kalenda ilitubeba bila wengi kutambua. Mwaka 2018 Ramadhani ilianza katikati ya Mei, na 2019 ilianza mwanzoni mwa Mei. Futari, zaka na sadaka ziliangukia ndani ya njaa yenyewe. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 mwezi uliandama mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 ni Februari, na kufikia 2030 utakuwa umeingia Januari. Kwa hiyo pengo kati ya Idi na kilele cha njaa linapanuka kila mwaka. Kwaresima nayo huishia Pasaka, kwa hiyo michango ya makanisa ya wakati huo haivuki kufika Mei. Anayepanga hisani kwa mazoea ya 2018 anafikisha maji shambani kabla mbegu haijapandwa.

Hapa lazima tutenganishe mafungu, kwa sababu si kila pesa inaweza kuwekwa akiba. Zakatul-fitri ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa, kiasi cha kilo mbili na nusu hadi tatu za chakula kinacholiwa mjini, na lazima imfikie mwenye haki kabla ya swala ya Idi. Hiyo haingoji kusi. Zaka ya mali nayo, ile fungu moja la arobaini, ikishawajibika haicheleweshwi bila udhuru, na kikundi hakina ruhusa ya kuikalia miezi mitatu eti kwa sababu ya mipango mizuri. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani tunayafuata, mwenye nisabu, yaani kiwango cha mali kinachowajibisha zaka, anaruhusiwa kuitanguliza kabla mwaka wake haujatimia. Mfanyabiashara ambaye mwaka wake hutimia Ramadhani anaweza kumwendea shekhe wake, akaelezwa masharti, akatoa sehemu ya zaka ya Ramadhani ijayo mwezi wa Juni huu. Sadaka ya kawaida ndiyo iliyo huru kabisa. Ushauri wetu ni theluthi moja ya sadaka yote inayokusanywa Ramadhani na Krismasi iandikwe katika daftari lake pekee na isiguswe mpaka wiki ya kwanza ya Mei. Kikundi kinachochanganya zaka na sadaka katika kapu moja hukwama papo hapo: hakiwezi kuweka akiba kwa kuogopa dhambi ya zaka, wala hakiwezi kugawa vyote kwa kuogopa Mei.

Idi ya Kuchinja kwa sasa imekuja upande wetu. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, 2026 ni mwishoni mwa Mei, katikati kabisa ya ukata. Kinachoharibika ni kwamba karibu kila mnyama huchinjwa asubuhi ya siku ya kwanza. Nyama inafika mitaani mchana kwa joto la Mombasa, kwenye vyumba visivyo na friji, na familia inayopata vifurushi vitano siku moja hula mara mbili ikatupa vilivyobaki. Kuchinja kunaruhusiwa siku ya Idi na siku tatu za tashriki zinazofuata, mpaka jua la tarehe 13 Mfungo Tatu, mwezi wa Idi hiyo, linapotua. Wanaochanga ng'ombe mmoja watu saba saba wakigawana siku, wengine leo, wengine kesho, wengine kesho kutwa, wengine mtondo, nyama ileile inalisha mtaa siku nne. Ifungwe kilo moja moja na itoke machinjioni kabla ya saa tatu asubuhi.

Tukija kwenye orodha ya wanaosaidiwa, hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Kosa la kwanza ni kuhesabu nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita au vinane, ukumbi mmoja na choo kimoja, na ndani yake mnaweza kuwa na familia sita zisizojuana shida. Ukihesabu nyumba unawapunja. Ukihesabu vyumba unapotea pia, kwa sababu bibi anaweza kulala chumba hiki na wajukuu chumba cha pili ilhali wanakula pamoja. Tunahesabu chungu. Wanaokula chungu kimoja ni familia moja, na huandikwa kwa jina la anayepika, si la mwenye nyumba wala la mwanamume aliye safarini.

Majina yasitoke kinywani mwa mtu mmoja. Mzee wa mtaa anajua wengi lakini ana ndugu zake. Mhudumu wa afya ya jamii anajua wagonjwa wa kitandani na watoto waliokonda. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa chekechea wanajua nani hulala darasani saa nne asubuhi. Mwenye duka anajua zaidi ya wote hao, lakini lazima uulize sawasawa. Usimwombe majina ya wenye madeni makubwa, kwa kuwa mwenye deni kubwa ni mtu anayeaminika bado. Uliza ni nani alikuwa akikopa kila siku na sasa haji tena, au nani ameanza kununua mafuta ya kupikia ya shilingi kumi. Jina likitajwa na pande mbili zisizohusiana, ndipo tunakwenda kuliona. Likitajwa na upande mmoja tu, tunakwenda pia, lakini anayekwenda ni mtu wa mtaa mwingine.

Mkifika, msiulize kama kuna shida. Kila mtu atasema ipo, au, akiwa muungwana wa zamani, atasema alhamdulillahi na kuwakaribisha chai asiyokuwa nayo. Kuna maswali matano ambayo mashirika ya chakula duniani hutumia, na yanafaa hata kwa kikundi cha watu kumi chenye kalamu moja. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mmekula chakula duni kuliko mlichozoea kwa sababu ya bei? Siku ngapi mmekopa chakula au kusaidiwa na jirani? Siku ngapi mmepunguza kiasi cha chakula kwenye sahani? Siku ngapi wakubwa wamejinyima ili watoto wale? Siku ngapi mmepunguza idadi ya milo? Siku za kukopa zidishe kwa 2, siku za wakubwa kujinyima zidishe kwa 3, nyingine zibaki kama zilivyo, kisha jumlisha. Familia iliyokula duni siku 7, ikakopa siku 3, ikapunguza sahani siku 5, wakubwa wakajinyima siku 4 na milo ikapunguzwa siku 5, inapata 7, 6, 5, 12 na 5, jumla 35. Kiwango cha juu kabisa ni 56. Chini ya 4 familia iko salama kwa sasa. Kuanzia 19 kwenda juu hali ni mbaya na chakula kitoke siku hiyohiyo, kamati itaarifiwa baadaye.

Maswali haya huharibika mahali pawili. Yakiulizwa mbele ya wageni au mbele ya mume, majibu hupindwa, kwa hiyo aulizwe mpishi peke yake, na muulizaji awe mwanamke. Pili, hayaulizwi Ramadhani. Wakubwa wanafunga, milo imebadilika, majirani wanapelekeana sahani za futari kila jioni, na hesabu yote hutoka ya uongo bila mtu yeyote kudanganya. Orodha ya Ramadhani itayarishwe Shaabani, mwezi unaoitangulia, na orodha ya kusi itayarishwe wiki mbili baada ya Idi, wakati nyumba zimerudi kwenye hali zao.

Kuna mtu mmoja ambaye foleni haimpati kamwe. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Ni miezi hiyohiyo ambamo aliyekuwa akileta chakula amekufa, matanga yamekwisha na jamaa wameondoka. Kikundi kinachogawa uwanjani kwa kupanga watu mstari kimemruka yeye, kimemruka mgonjwa wa kitandani, kimemruka mzee asiyeona na mama aliyejifungua juzi. Kimewapata wenye miguu. Kwa sababu hiyo chakula kipelekwe mlangoni, baada ya Isha au kabla ya mji kuamka, na anayempelekea mwanamke awe mwanamke. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kikapu cha ukili ndicho kinachofaa zaidi. Hakina nembo, kinafanana na cha mtu yeyote anayetoka sokoni, na kinaporudishwa mgawaji anapata sababu ya kuingia tena na kuona hali bila kujitangaza.

Juu ya picha tuseme wazi. Mama aliyeshika pakiti ya unga mbele ya bango, watoto wake wamepangwa mbele kama ushahidi, amelipishwa chakula kile kwa uso wake, na kuna nyumba ambazo zimekataa msaada wakati wa shida kubwa kwa kuogopa kamera tu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na anayeingia jikoni mwa watu yuko mahali pa mwosha. Zaidi ya hayo ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia picha na habari zake, na ya mzazi au mlezi kwa mtoto, na ridhaa ya mwenye njaa mbele ya unga si ridhaa. Mfadhili ana haki ya kujua pesa yake imekwenda wapi. Apewe risiti za jumla, picha za magunia stoo, hesabu ya vyungu vilivyofikiwa, kisha achague mwenyewe namba tano za daftari bila majina, na mama mmoja anayeaminika na pande zote mbili akazitembelee familia hizo na kumletea jibu.

Sasa kapu lenyewe. Kipimo cha kawaida cha chakula cha msaada kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Chungu cha watu watano kwa wiki kinahitaji basi kilo 14 za nafaka, kilo 2 na kidogo za pojo (ndengu au choroko) au kunde, lita moja ya mafuta na robo kilo ya chumvi inabakisha. Linganisha na mfuko unaogawiwa kwa wingi mjini: pakiti mbili za unga, kilo ya sukari, nusu lita ya mafuta. Unga ule ni kilo 4, na watu watano wanahitaji kilo 2 kwa siku. Zimekwisha siku mbili. Robota zima la pakiti 12, kilo 24, ni siku 12. Si kwamba mfuko mdogo ni mbaya. Ubaya ni kuuita msaada wa mwezi na kumfuta mtu kwenye orodha kwa mwezi huo.

Sisi huweka pakiti nne za unga wa sima na kilo sita za mchele, kisha pojo badala ya maharagwe. Sababu ni moto. Maharagwe makavu ambayo hayakurowekwa hukaa juu ya seredani saa mbili na zaidi, na makaa yake huweza kugharimu kuliko maharagwe yenyewe. Pojo huiva kwa dakika 30 hadi 45. Tumeona kwenye ukaguzi maharagwe ya msaada yakirudishwa dukani kwa nusu bei ili mtu anunue makaa, na waliogawa wakasema mama yule hakuwa na haja. Kila kapu liende na moto wake, na njia rahisi ni kumlipa mwenye makaa wa mtaa moja kwa moja ampimie kwa wiki. Maji vilevile. Lita 15 kwa kila mtu kwa siku ndicho kiwango cha chini cha kuishi kwa heshima, yaani mitungi karibu minne ya lita 20 kwa watu watano, na bomba likikauka mkokoteni hupandisha bei asubuhi hiyohiyo. Wiki za namna hiyo tunapunguza mchele na kulipia maji.

Kabla ya kufunga, ulizeni nani mgonjwa. Nyumba ya mwenye kisukari haipelekewi kilo mbili za sukari. Ipelekewe pojo zaidi, dagaa na mboga. Anayemeza dawa za kifua kikuu akiwa na njaa mara nyingi hushindwa kuzivumilia na huweza kuziacha, kwa hiyo chakula chake kisikatike hata wiki moja kwa miezi sita ya matibabu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga tunayakataa hata yakiletwa kwa nia njema. Yakikorogwa kwa maji ya mtungi usio safi huharisha, na yakiisha ziwa la mama limeshapungua. Mlisheni mama, mtoto atanyonya.

Familia zinazoweza kwenda dukani zinafaidika zaidi na kuponi, kwa kuwa mtu anachagua anachokosa. Kuponi iwe na namba, muhuri wa rangi inayobadilika kila mwezi, na muda wa siku 14. Maduka yawe mawili, bei zikubaliwe kabla na zibandikwe ukutani. Duka likiwa moja, bei hupanda kwa wenye kuponi pekee. Kikundi kikichelewa kumlipa mwenye duka, naye hulipiza kwa kupunguza kipimo. Alipwe kila Ijumaa asubuhi bila kukosa. Na mkisikia kuponi ya 500 inabadilishwa kwa pesa taslimu 350, msikimbilie kumfuta aliyeibadilisha. Mara nyingi ana kodi au dawa ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kutuma kwa M-Pesa ni kwepesi lakini kuna shimo. Mtu aliyetumia Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, pesa yoyote inayoingia hukatwa deni kwanza, wakati mwingine yote. Mfadhili ameona ujumbe kwamba imefika, familia imelala njaa, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Ulizeni kwanza kama laini ina deni, na laini ni ya nani. Ikiwa ina deni, lipeni moja kwa moja duka, famasia au mwenye nyumba.

Kodi ya nyumba ina hesabu yake. Tunakutana na mwenye nyumba na mpangaji pamoja, deni linaandikwa na wote watatu wanatia sahihi. Tunalipa mwezi mmoja pale pale, lililobaki linagawanywa kwa miezi sita, na risiti inatoka kwa jina la mpangaji. Hatulipi deni lote, kwa sababu tumeona matokeo: mwezi unaofuata mtu hana kitu tena, na wenye nyumba wengine wamesikia na wanawafungia kufuli wapangaji wao ili kikundi kije. Pia wapangaji wajue kwamba kwa vyumba vya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi sheria ya kudhibiti kodi inawalinda, na kung'oa mlango au mabati ya mtu bila amri ya baraza la kodi ni kosa. Barua moja yenye maneno hayo, ikipitia kwa mzee wa mtaa, mara nyingi huondoa kufuli.

Ugonjwa ndio unaozirudisha nyuma familia zilizokwisha kusimama. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ya NHIF imepisha mpya ya SHA, na kwa wasio na ajira rasmi mchango hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Anayeishi kwa kibarua hawezi kuziona pesa hizo pamoja. Harambee ya kumtoa mgonjwa mmoja hospitalini huweza kumeza pesa ambazo zingelipia mwaka mzima wa familia nyingi, kwa hiyo tunalipia wenye jumla ya 19 na zaidi katika yale maswali matano kabla hawajaugua. Kikwazo huwa kitambulisho. Bila hicho hakuna SHA, hakuna laini ya simu kwa jina lako, wala Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Mtu wa kujitolea mwenye subira ya kumshika mzee mkono, kwa chifu na Huduma Centre, mara tatu au nne, anafanya zaidi ya gunia. Ila mzee akishaanza kupokea zile 2,000, asifutwe papo hapo. Watu watano kwa mwezi ni kilo 60 za nafaka, pakiti 30 za unga, na hata pakiti ingeuzwa shilingi 100 hesabu haikutani.

Mtaji wa biashara ndogo tunautoa mwisho. Ukimpa mama pesa ya kupika mahamri wakati watoto hawajala, mtaji huliwa wiki ya kwanza, na ni haki kuliwa. Chakula kwanza wiki nne, kisha mtaji kwa vitu: unga wa ngano, sukari, hamira, mafuta, karai. Kapu la chakula liendelee nusu kwa mwezi mmoja zaidi. Kila siku 90 maswali matano yanarudiwa, na anayeshuka chini ya 4 mara mbili mfululizo anaaga orodha, akijua mlango uko wazi.

Tunaloomba kwa wasomaji ni hili. Pojo za Kitui na Makueni huvunwa baada ya mvua za vuli na kushuka sokoni Kongowea karibu na Februari na Machi, wakati uleule sadaka zinapojaa. Wenye magari na maghala watusaidie kununua wakati huo kwa ile theluthi ya akiba. Zikauke vizuri, zitiwe kwenye mapipa yenye vifuniko yajazwe mpaka juu, au magunia ya mifuko miwili ya ndani isiyopitisha hewa, zisibaki na nafasi ya fukusi kupumua. Ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, maana unyevu wa mji huu hupanda kutoka sakafuni. Zitakaa salama mpaka Julai. Unga usinunuliwe mapema. Ununuliwe wiki ya kugawa. Maimamu wakitangaza mchango wa pili Ijumaa ya kwanza ya Mei, na wachungaji na mapadri Jumapili inayofuata, vikundi vitakuwa na pesa ya unga, makaa na maji ya kuandamana na pojo hizo. Orodha za vyungu zitakuwa tayari kufikia wiki ya mwisho ya Aprili.

Kamati ya ugavi, kikundi cha kusaidiana cha mtaa,
Kisauni, Mombasa